Askofu Ni wa Ngapi?

Nimelikana jambo hili mbele ya watu wengi, baadhi yao watu wa heshima, na mara moja nililikana nikiwa ndani ya kanisa, ingawa nilikuwa nimesimama karibu na mlango. Sasa nakiri. Sherehe ya kumshukuru Mungu kwa shahada yangu, ile iliyofanyika uani kwetu Hai Malakal ikaliwa na mtaa mzima, ilifanyika wakati sina shahada. Mungu alishukuriwa kwa kitu ambacho alikuwa bado hajakitoa. Kama alishangaa, hakusema.

Sikupanga kudanganya. Matokeo yalibandikwa ukutani kule chuoni Kampala siku mbili kabla sijapanda lori la kurudi Juba, na mbele ya jina langu kulikuwa na kinyota. Nilikipenda. Nilidhani ni cha pongezi, nikamwonyesha mwenzangu aliyekuwa hana. Yeye ndiye aliyenishauri nisome chini ya karatasi, na huko chini, kwa herufi za kujificha, kinyota kilikuwa kimeelezwa: anarudia somo moja. Somo lenyewe lilikuwa nadharia ya seti. Marudio yangefanyika Januari. Atakayeshindwa tena angekwenda nyumbani na elimu yake kichwani bila karatasi ya kuithibitisha, na kichwa changu, kwa mtu wa wizara ya elimu, hakikuwa ushahidi.

Siku zote za safari nilikuwa nikitunga sentensi moja ya kumwambia baba. Tulipofika Nimule, mpakani, ilikuwa imeshakuwa fupi na nzuri, hata yenye unyenyekevu. Nilipoingia uani nikakuta dume la ng'ombe limefungwa kwenye mwarobaini, na kando yake baba amesimama amevaa koti, mchana kweupe, jua la Juba likimwaga jasho lake mpaka shingoni.

"Karibu, Ustaza," akasema.

Ustaza ndivyo anavyoitwa mwalimu wa kike katika Kiarabu cha Juba. Tangu nizaliwe baba alikuwa ananiita "wewe". Lile dume liliniangalia, mimi nikaliangalia, na sentensi yangu ikanitoka kichwani yote pamoja na unyenyekevu wake.

Inafaa ijulikane kwamba hii haikuwa fahari ya baba peke yake. Vita vya kusini mwa Sudan vilikuwa vimekwisha, na amani ilikuwa bado mpya. Sisi tuliorudi kutoka Uganda tulirudi na magodoro, masufuria, na watoto waliozungumza lugha ambazo bibi zao hawakuzielewa, na waliobaki walikuwa wakituuliza, kwa adabu, tulikuwa tukifanya nini huko miaka yote hiyo. Mimi ndiye niliyekuwa jibu la baba. Zaidi ya hayo, wizara ilikuwa imeniahidi nafasi ya kufundisha hesabu katika sekondari ya wasichana muhula mpya ukifunguliwa, mradi nilete cheti. Kwa hiyo kila kitu kilining'inia kwenye somo moja: kazi yangu, jibu la baba, na heshima ya yule ng'ombe, ambaye angekuwa amekufa bure.

Afadhali nieleze ni kitu gani kilichokuwa kimenishinda, maana watu hunionea huruma wakidhani kilikuwa kigumu. Hakikuwa kigumu. Kilikuwa cha kitoto, na mimi nilikuwa nimesoma mno.

Mhadhiri wetu alikuwa mtu mrefu kutoka nchi moja ya baridi huko Ulaya, aliyevaa makubadhi juu ya soksi. Alitufundisha kwamba namba huzaliwa kwa kanuni mbili. Ya kwanza: ukiwa na namba, ongeza moja, utapata inayofuata. Hiyo hata mtoto wa kuchunga mbuzi anaijua. Moja, mbili, tatu, na hutamaliza. Kanuni ya pili ndiyo iliyonivunja. Ukiwa na mlolongo wa namba usio na ya mwisho, uchukue mlolongo wote kama kitu kilichokwisha kuwapo, kisha weka namba mpya baada ya zote, ya kwanza kabisa kati ya zinazokuja baada ya zote. Aliiandika ubaoni kwa herufi ya Kigiriki iliyofanana na matako ya mtoto mchanga aliyelazwa kifudifudi. Akaiita omega. Halafu, bila hata kufuta chaki mikononi, akarudi kwenye kanuni ya kwanza kama vile hakuna kilichotokea: omega na moja, omega na mbili, omega na tatu. Huko nako hakuna mwisho, kwa hiyo kanuni ya pili tena, na tukawa na omega mbili. Wenzangu waliandika. Mimi niliinua mkono.

"Mwalimu, kabla ya omega kuna namba gani?"

"Zote za kawaida."

"Ndiyo. Lakini ile inayoigusa?"

"Hakuna inayoigusa."

"Sasa tunaifikiaje?"

"Hatuifikii," akasema kwa upole. "Tunaiweka."

Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Hiyo ndiyo elimu kubwa niliyoipata chuoni, kutikisa kichwa. Na kwenye mtihani, kwa kuwa nilijua moyoni kwamba hakuna anayeketi bila jirani, niliandika kurasa tatu kuhusu namba inayokaa kabla tu ya omega. Niliipa jina, omega kasoro moja. Nilieleza tabia zake. Nilisema ni kubwa sana, lakini si sana hivyo. Niliporudishiwa karatasi, mhadhiri alikuwa ameandika pembeni kwa wino mwekundu maneno matatu tu: "Huyu ni nani?"

Basi tukaunda kamati ya sherehe. Mwenyekiti alikuwa baba. Mjumbe alikuwa shangazi, dada yake mkubwa, aliyesimamia akina mama wa kanisa na kitu kingine chochote kilichokuwa karibu naye. Kiswahili chake alikipata sokoni kule Uganda, Arua na kwingineko, na hakuwa na muda wa kukipanga vizuri. Mimi nilifanywa katibu, kwa sababu ratiba ya hotuba ina namba, na namba ndiyo kazi yangu.

Ratiba ya hotuba kwa watu waliorudi si jambo jepesi. Kule uhamishoni hakuna aliyejitegemea. Ulifika umebeba mkeka kichwani, mtu akakupa pembe ya nyumba yake, na huyo naye alikuwa amepewa pembe na mwingine kabla yako. Ndiyo maana ikawa desturi kwamba mtu akisimama kuhutubia, hawezi kuketi mpaka amemwita aliyemhifadhi yeye, amwachie nafasi. Huyo naye akimaliza anamwita aliyemhifadhi. Kumruka mtu ilikuwa sawa na kumwambia kwamba pembe yake ilikuwa na kunguni.

"Andika," baba akasema. Tulikuwa tumeketi kivulini asubuhi, shangazi na ungo wa ufuta mapajani. "Wa kwanza mimi. Mimi namwita yule mzee wa Arua. Yeye atamwita fundi cherehani. Fundi atamwita mwalimu wa kwaya."

Niliandika. Nilifika thelathini na kitu, nikageuza ukurasa.

"Wa mwisho ni nani, Baba?"

Baba alimwangalia dada yake.

"Ya mwisho hakuna," shangazi akasema. "Kila mtu iko na mtu yake."

"Lazima awepo, Shangazi. Nahitaji namba ya Mutran."

Mutran ni askofu. Alikuwa amekubali kuja, na bila baraka yake hakuna ambaye angegusa nyama. Mahali pake palijulikana na watu wote: angezungumza baada ya wazungumzaji wote.

"Ni kweli," baba akasema. "Mutran ni wa ngapi?"

"Ndiyo ninachouliza. Mutran ni yule wa mwisho, ukiongeza moja."

"Wewe iko sikia?" shangazi akauliza. "Ya mwisho hakuna."

"Basi ni nani atakayemwita Mutran?"

Shangazi aliacha kupepeta. Alinitazama jinsi mtu anavyomtazama mtoto aliyevaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto.

"Mutran nani naita? Mtu moja akiita Mutran, huyo mtu ataringa mpaka Pasaka. Mke yake ataringa. Kesho hapa mtaani ni vita. Mutran hapana itwa na mtu. Yeye nakuja nyuma ya watu yote."

"Nyuma ya nani hasa?"

"Ya wote."

"Wote si mtu, Shangazi."

"Ndiyo," akasema, na kurudi kwenye ufuta wake. "Kwa hiyo yeye iko Mutran."

Umewahi kuoga mtoni, maji yakakuziba sikio siku nzima, halafu ghafla, umekaa tu, likazibuka na maji yakatoka ya moto? Ndivyo ilivyokuwa. Mhadhiri alikuwa ameniambia neno hilo hilo, "zote", kwa sauti ya upole na chaki mkononi, nami sikulisikia. Ilibidi niambiwe na mtu mwenye ufuta. Tena alinipa sababu, jambo ambalo mhadhiri hakulifanya: hakuna anayemgusa Mutran, kwa kuwa angekuwapo wa kumgusa, naye angekuwa mzungumzaji kama wenzake, na kila mzungumzaji anamwita mzungumzaji mwingine wa kawaida. Hatawahi kumwita Mutran. Hata uende hatua kwa hatua mpaka mwisho wa dunia, humfikii Mutran kwa kuitana. Inabidi awekwe.

Nilishikwa na tamaa. Nikalamba penseli.

"Na baada ya Mutran?"

"Baada ya Mutran natoa shukrani mimi," baba akasema.

Mutran na mmoja, nikaandika.

"Kisha, sitaketi bila kumwita mjomba wako."

Mutran na wawili.

"Na mjomba atamwita mtu yake," shangazi akasema, akiona ninaenda wapi.

"Na hawa nao hawana wa mwisho?"

"Watatoka wapi na ya mwisho?"

"Sasa hawa tutawafunga na nani?"

Kamati ilifikiri. Shangazi akakumbuka kwamba upande wa mama yangu wanasali kanisa jingine, nao wana Mutran wao. Vizuri sana! Mutran wawili. Baada ya Mutran wa pili, shukrani tena, na mlolongo mwingine, na Mutran wa tatu, hata kama ingebidi aletwe kutoka Wau. Niliandika kwa kasi, sijapata kuandika hivyo kwenye mtihani wowote.

"Shangazi, na kama hata hao mutran nao hawana mwisho? Mutran, mutran, mutran, bila wa mwisho. Nani atakuja nyuma yao wote?"

Hakusita hata kidogo. "Hapo Mungu mwenyewe."

Baba alitikisa kichwa kukubali.

"Na Mungu akimaliza?"

"Akimaliza nini?"

"Kuhutubia. Nani atatoa shukrani?"

Kuku alipita katikati ya kamati akatoka upande wa pili. Kihesabu nilikuwa sahihi, na ningali sahihi: hata ukifika wapi, kanuni ya kwanza inakungoja pale pale na moja yake mkononi, na hakuna namba iliyo ya mwisho kabisa. Lakini baba alikuwa amevua kofia.

"Ni hii kitu wewe nasoma Kampala?" shangazi akauliza kwa sauti ya chini.

"Andika Mutran mmoja," baba akasema. "Mmoja anatosha."

Siku ya sherehe, katikati ya mwezi wa kumi na moja, mambo yalianza saa tano. Turubai lilifungwa kutoka ukingo wa paa mpaka kwenye mwarobaini, ambao sasa haukuwa na kitu kilichofungwa. Kilikuwa masufuriani. Kabla baba hajafungua mdomo, akaingia mzee mmoja tuliyemsahau, aliyempokea baba hata kabla ya yule wa Arua, akasikia kwamba hayumo kwenye ratiba, akageuza kiti kikatazama ukuta.

"Mimi nilimpokea na mkeka wake," akauambia ukuta. "Wa kwanza ni nani, kama si mimi?"

Baba aliniangalia, koti limemlowa. Katibu nikasema kwa utulivu ambao sikujua ninao: kila mtu asogee nafasi moja. Wa kwanza awe wa pili, wa pili awe wa tatu, na kuendelea hivyo, mzee akae mbele.

"Na Mutran atasogea?" baba akanong'ona.

"Mutran hasogei. Bado yuko baada ya wote."

Na ni kweli. Katika mlolongo usio na wa mwisho, ukimweka mtu mmoja mbele hujaongeza kitu; mlolongo ni ule ule, na mwenye kuja baada yake yuko pale pale. Ukimweka mtu huyo huyo mmoja nyuma ya Mutran, umefungua siku nyingine. Jambo hili lilikuwa swali la pili kwenye mtihani wangu, nami nililijibu kwa kusema kwamba moja ni moja popote utakapoiweka.

Bila shaka watu wetu walikuwa na idadi. Nakubali. Mtu mwenye subira angewahesabu. Lakini ningependa kumwona mtu huyo pale uani saa nane mchana, harufu ya nyama ikitembea kati ya viti, mwalimu wa kwaya akimwita mwenye duka la baiskeli, mwenye baiskeli akimwita mkunga, mkunga akisema, "Kabla sijaketi." Kila aliyesema "kabla sijaketi" alipigiwa makofi, na kila aliyepiga makofi alimeza mate. Mutran aliketi mbele amevaa kanzu zake zote, amefumba macho. Wengine walisema anaomba.

Saa tisa na nusu mkunga alimaliza na kumwita dereva mmoja wa zamani, na huyo akaanza kutoka nyuma akikokota mguu mbovu. Shangazi aliinuka. Hakumkaribia Mutran, wala hakumtaja. Alisimama tu mbele ya akina mama wake, akainua mkono, na akina mama wakapiga vigelegele vya mara moja, vikali, mpaka mbwa akatoka chini ya meza. Mutran alifumbua macho akasimama.

Hakuna aliyemwita. Dereva, ambaye alikuwa katikati ya njia, aligeuka akarudi kwenye kiti chake akitabasamu, wala hakukasirika, kwani hakurukwa na mtu. Hakukuwa na mtu wa kumlaumu. Nilimtazama akiketi, nikamtazama Mutran aliyeinua mikono kutubariki, nikaona omega imesimama pale imevaa kilemba cha kiaskofu, na nikacheka. Nilicheka kwa sauti, katikati ya baraka, mpaka nikashika meza. Baba alidhani ninalia kwa furaha. Akanipa leso yake, iliyokuwa tayari imelowa, na watu waliokuwa karibu wakalia kidogo ili wasiniache peke yangu.

Baadaye baba alitoa shukrani, akamwita mjomba, na mlolongo wa pili ukaenda mpaka jua likazama, ila huo watu waliusikiliza wakitafuna. Mara sita nilitajwa kama mhitimu wetu. Mara sita niliinuka nikainama. Mara ya sita niliinama muda mrefu kidogo.

Januari nilimwambia baba kwamba naenda Kampala kushughulikia cheti, maneno ambayo hata leo ninaweza kuyatetea. Mtihani niliufanya peke yangu katika chumba chenye viti arobaini, mhadhiri akiwa dirishani na makubadhi yake na soksi zake. Swali lilikuwa la kanuni mbili: zieleze, onyesha kwamba hakuna namba inayoigusa omega kwa nyuma, na onyesha kwamba moja na omega si sawa na omega na moja. Niliandika kwa alama za kisomi jinsi inavyotakiwa. Kama ipo namba inayoigusa omega, lazima iwe mojawapo ya namba za kawaida, lakini namba ya kawaida ikiongezwa moja inazaa namba nyingine ya kawaida, haizai omega, basi haipo. Mistari minne. Yule kasoro moja wangu, mwenye kurasa tatu za sifa, alikufa kwa mistari minne.

Ningeachia hapo. Lakini nilikuwa na muda uliobaki, na mtu asiyezoea kuelewa kitu akikielewa hawezi kunyamaza. Nikaongeza ukurasa mzima kuhusu wazungumzaji wanaoitana na kiongozi wa dini asiyeitwa na mtu, nikieleza mpaka habari ya majirani kuringa. Nilipotoka nje ndipo nilipojiuliza maswali. Mhadhiri huyu alitoka nchi ambako, nilivyosikia, mambo ya maaskofu hayakupendwa sana. Tena sikukumbuka kama nilimtaja ng'ombe.

Ofisi ya mitihani ilisema matokeo yatakuwa tayari baada ya wiki mbili, na barua ingechukua muda wake. Kama nina simu, wangenipigia. Simu niliyoijua ilikuwa moja tu maishani mwangu, ile ya bohari ya serikali kule Thongpiny, karibu na uwanja wa ndege, ambako baba alikuwa mtunza bohari. Niliandika namba yake. Tukakubaliana Alhamisi, saa nne asubuhi. Shule ilikuwa ifunguliwe Jumatatu itakayofuata, na karani wa wizara alikuwa ameshaniuliza mara mbili kama cheti kimefika, mara ya pili bila kutabasamu.

Mpango wangu ulikuwa mzuri. Alhamisi ningempelekea baba chai, jambo ambalo binti yeyote mwema angelifanya, nifike saa nne kasorobo, na simu ikilia niipokee mimi, niseme ni rafiki wa Kampala. Habari ikiwa mbaya, ningetunga kitu njiani nikirudi. Sikuwa nimefikiria nini, lakini nilikuwa na imani na njia ile, kwani ni ndefu.

Nilichosahau ni kwamba simu kutoka Kampala ilipita kwanza sijui wapi, kisha Khartoum, kisha kwetu, na hakuna hata mmoja kati ya waliokuwa wakiipitisha aliyejali saa yangu. Ilipopata njia ilipita. Nilipokaribia bohari nikiwa na birika langu, saa tatu na nusu na kidogo, nilisikia sauti ya baba nikiwa bado barabarani. Alikuwa akizungumza kwa nguvu ya kumfikia mtu aliye ng'ambo ya mpaka bila msaada wa waya.

"Ndiyo! Mimi ni baba yake!"

Nilisimama mlangoni. Baba alikuwa amesimama wima, koti limefungwa vifungo vyote, kwa sababu hakuamini kwamba mtu anaweza kuzungumza na serikali akiwa ameketi. Nyuma yake, kati ya marundo ya majembe na magunia, vibarua wawili wa bohari walikuwa wakishona turubai. Wote wawili walikuwa wamekula kwetu. Mmoja alihutubia nusu saa.

"Marudio?" baba akapiga kelele. "Marudio ya nini?"

Sindano zikasimama.

Alisikiliza kwa muda mrefu. Wakati huo aligeuka akaniona, akaliona birika, akaniangalia tena usoni bila kupepesa, huku mdomo wake ukisema, "Ndiyo. Ndiyo. Naelewa. Somo moja. Ndiyo." Sijawahi kutaka birika liwe kubwa kama siku ile, niingie ndani yake.

Kisha akafunika mdomo wa simu kwa kiganja.

"Anasema umefaulu."

"Ndiyo, Baba."

"Anasema mara hii umefaulu."

Vibarua walikuwa wakinitazama mimi, halafu yeye, halafu mimi. Baba alishusha pumzi, akanyoosha kola ya koti, akaondoa kiganja kwenye simu, na akasema kwa sauti iliyowafikia kwanza wale wawili waliokuwa kwenye magunia, halafu Khartoum, na mwishowe Kampala:

"Asante sana, Bwana Karani! Lakini mmechelewa! Sisi huku habari hiyo tunayo tangu mwezi wa kumi na moja!"